Mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana haki gani kwetu?



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mauti na uhai, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Kuna maneno ambayo familia nyingi za mjini zimewahi kuyasikia katika korido ya hospitali: tumefanya tulichoweza, mrudisheni nyumbani. Ndugu wawili watatu hukaa pembeni wakanong'onezana, ikatafutwa gari ya kukodi, mgonjwa akapakiwa na mto wake, akarudishwa Mbagala, Buguruni, Manzese au Kisauni. Kuanzia hapo huanza kipindi ambacho hakina mwenyewe. Hospitali imeshamaliza yake. Msikiti bado haujaitwa kwa sababu hakuna maiti. Mgonjwa yuko chumba cha ndani, anagumia usiku kucha, na binti yake au mkewe anakesha naye akiwa na vidonge vya Panadol mkononi.

Sisi Waislamu ni hodari wa mazishi. Msiba ukitangazwa asubuhi, Adhuhuri haijaadhiniwa sanda imeshanunuliwa, vijana wako makaburini na majembe, na akina mama wameshatandika mikeka. Hilo ni jambo jema na ni faradhi iliyo juu yetu sote. Lakini swali la kujiuliza ni hili: jeneza linabebwa na watu mia mbili, je, katika miezi mitatu ya ugonjwa walifika wangapi kumuona mwenye jeneza hilo alipokuwa hai? Na tuzingatie kwamba hadithi ile ile inayotaja kusindikiza jeneza kuwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, imetaja pia kumzuru mgonjwa. Tumechukua moja, nyingine tumeiacha.

Leo nataka tuzungumzie huduma ambayo hospitali zetu za Tanzania zinaiita tiba shufaa, yaani uangalizi wa mgonjwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka. Lengo lake ni kumwondolea maumivu na adha nyingine za mwili, kumtuliza moyo, kumsaidia katika ibada zake na kuisaidia familia inayomuuguza. Wengi wanadhani ni ya saratani tu. Si hivyo. Anaihitaji mwenye moyo ulioshindwa, mwenye figo zilizokufa, aliyelazwa na kiharusi, mwenye UKIMWI uliokithiri, na mtoto mwenye selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa. Wala si lazima asubiriwe mpaka afike ukingoni. Inaweza kwenda sambamba na matibabu ya kawaida tangu siku maradhi yanapojulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu milioni 56.8 wanaihitaji huduma hii, na wanaoipata ni kiasi cha asilimia 14 tu.

Mwanzo wake katika zama hizi hutajwa kuwa ni hospitali ya St Christopher's ya London, iliyofunguliwa mwaka 1967 na Dk. Cicely Saunders. Yeye ndiye aliyewafundisha madaktari wenzake kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake. Mna ndani yake hofu, madeni, watoto wadogo wanaobaki, na nafsi inayojiuliza itakutana vipi na Mola wake. Ni maneno ya kweli na tumeyapokea, lakini tusidhani kuwa jambo hili limezaliwa Ulaya.

Katika vita vya Khandaq, Sa'd bin Muadh (r.a) alipigwa mshale kwenye mshipa wa mkono. Jeraha lilikuwa kubwa. Mtume (s.a.w) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti wa Madina ili awe karibu naye na aweze kumzuru. Wanahistoria wamemtaja mwanamke wa Kiansari, Rufaida, kuwa ndiye aliyekuwa na hema la kuwauguza majeruhi. Sa'd hakupona, damu ilifumka tena akafariki. Lakini tazama mahali alipougulia: msikitini, mbele ya watu wanaoswali, karibu na Mtume (s.a.w) mwenyewe. Hakufichwa chumba cha nyuma.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1284, Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali iliyoendeshwa kwa mali ya wakfu, ikipokea tajiri na maskini, na anayefia humo gharama za kumzika zilitoka katika wakfu huo huo. Hayo yalifanywa na Waislamu, tena kwa maduka na nyumba za kupangisha zilizowekwa wakfu, bila kusubiri mfadhili wa nje.

Sasa tutazame kwetu. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Kampala, mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda. Selian, Arusha, huduma ilianza mwaka 1999 chini ya Walutheri. Muheza mkoani Tanga ilianza mwaka 2001 katika Hospitali Teule, yenye asili ya Kanisa la Anglikana. Mombasa ipo Coast Hospice. Mwaka 2004 ukaundwa umoja wa Afrika wa huduma hii, na mkutano wa kuuzindua ulifanyika Arusha hapa hapa. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road imekuwa kwa miaka mingi mlango mkuu wa wagonjwa wa saratani wanaohitaji kutulizwa maumivu.

Msomaji ataona mwenyewe ni akina nani waliotangulia. Dk. Merriman, aliyefariki Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 90, alikuwa Mkatoliki na aliwahi kuwa mtawa. Siandiki haya kulalamika. Huduma hizi zinawapokea Waislamu, na mkoa kama Tanga Waislamu ni wengi. Wapewe haki yao ya kushukuriwa. Ninachouliza ni sisi tumefanya nini, wenye misikiti kila mtaa, madrasa kila kona, na dini iliyotutangulizia mfano wa Sa'd bin Muadh.

Dawa ya maumivu na hofu zetu

Hapa ndipo penye tatizo kubwa, na naomba tusilipite haraka.

Dawa kuu ya maumivu makali ya saratani ni mofini. Hospice Africa Uganda iliichukua ikiwa unga, ikaichanganya na maji, ikaitia rangi ili nguvu ya chupa moja isichanganywe na nyingine, ikampa mgonjwa akanywe nyumbani. Ni dawa rahisi kutengeneza na bei yake ni ndogo. Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria yake ili wauguzi na matabibu waliosomea fani hii waweze kuiandika, maana daktari hapatikani kila kijiji. Tofauti na hali ya dunia kwa jumla: tume ya jarida la The Lancet ilieleza mwaka 2017 kuwa katika tani 298.5 za dawa za jamii hii zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata kilo 100 tu. Maana yake ni kwamba maumivu ya maskini hayajapewa thamani.

Lakini hata pale dawa ipo, kuna nyumba za Waislamu ambako haitumiki. Chupa imewekwa juu ya kabati, mgonjwa analia. Ukiuliza unaambiwa: hiyo ni madawa ya kulevya, ni haramu. Mwingine anasema itamuua. Mwingine anasema akiizoea hataiacha. Na wapo wasemao, kwa nia njema, kwamba maumivu yanafuta dhambi, basi tumuache yamsafishe.

Tuanze na hili la mwisho. Ni kweli Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa Muislamu hapatwi na taabu, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwayo makosa yake. Hiyo ni bishara kwa mgonjwa ili asikate tamaa. Haikuwa amri kwa anayemuuguza kumnyima dawa. Aliyetoa bishara hiyo ndiye aliyetuhimiza kujitibu. Mtu akiwa na jino bovu hakuna anayemwambia avumilie lisafishe dhambi. Anakimbilia kung'oa kwa ganzi. Kwa nini mwenye saratani ya kizazi awekewe sharia nyingine?

Ama uharamu, kinachoharamishwa ni kulewa kwa kutafuta starehe. Wanazuoni wa zamani walijadili kumpa mtu kitu cha kumpumbaza ili akatwe kiungo kilichooza, na wapo walioruhusu kwa dharura. Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, ilisisitiza kuwa mgonjwa apunguziwe maumivu ya mwili na ya nafsi bila kujali anatarajiwa kupona au la. Sasa mpiga ramli wa mtaani asitushinde kwa sauti.

Kuhusu kuua na uraibu, wataalamu wanasema hivi. Dawa huanzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa hatua kwa hatua mpaka maumivu yatulie. Ikitolewa kwa utaratibu huo haimharakishii mtu ajali yake. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, si mpaka mgonjwa alie ndipo apewe. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, kisha mwili ukazoea. Jambo lisiloondoka ni kufunga choo, kwa hiyo lazima apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Familia nyingi huiacha mofini kwa sababu hakuna aliyewaambia habari ya choo. Na mwenye maumivu ya kweli anayesimamiwa na wataalamu ni nadra kugeuka teja.

Linabaki swali moja zito, nalo ni la Muislamu hasa: je, akili haitafunikwa akashindwa kuswali na kutamka shahada? Ni haki ya mgonjwa kuuliza hivyo na daktari amsikilize. Kipimo kinaweza kurekebishwa, na mgonjwa anaweza kuchagua kubaki na maumivu kidogo ili awe macho wakati wa swala. Lakini mwenye kuuguza anajua kuwa maumivu makali nayo yanaifunika akili. Mtu anayepiga kichwa ukutani usiku haisomi hata Fatiha.

Mgonjwa naye ana kauli

Katika maradhi yake ya mwisho, Mtume (s.a.w) alizidiwa, watu wa nyumbani kwake wakamtia dawa kinywani. Alikuwa amewaashiria wasifanye hivyo. Wakasema hiyo ni tabia tu ya mgonjwa kuchukia dawa. Alipozinduka aliwakemea, akaamuru wote waliokuwamo nao watiwe dawa ile ile, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakushiriki. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari, na mimi naona kingesomwa katika kila wodi. Ngapi tunawafanyia wazee wetu yale waliyoyakataa kwa ishara?

Mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kukataa tiba isiyo na matumaini, na hilo si kujiua. Kujiua na kumuua mgonjwa kwa huruma ni haramu, hakuna mjadala. Lakini kuacha kumsukumia mashine mtu ambaye mwili wake umeshafika ni jambo jingine. Kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudi Arabia, katika fatwa ya mwaka 1409 Hijria, ilikubali kutomfufua mgonjwa kwa mashine ikiwa madaktari watatu mabingwa na waaminifu wameafikiana kuwa haina faida. Nalisema hili kwa sababu ya nyumba. Familia inauza nyumba ya urithi kumpeleka baba India, naye anarudi katika jeneza au anarudi kama alivyokwenda, na mayatima wanahamia kupanga chumba. Kabla ya kuuza, daktari aulizwe swali moja la wazi: tiba hii ni ya kumponya, au ya kusogeza siku? Akijibu, ndipo familia iamue, na mwenye mwili awe wa kwanza kuulizwa.

Hatumuulizi kwa sababu tumemficha. Mtoto anajua, shemeji anajua, jirani anajua, mgonjwa mwenyewe anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Tunadhani tunamhurumia. Kumbe tunamzuia asilipe madeni yake, asiombe radhi kwa aliowadhulumu, asiandike wasia. Sa'd bin Abi Waqqas (r.a) aliugua Makka mpaka akaona kifo, akamuuliza Mtume (s.a.w) kama aache mali yake nyingi kwa wasia, akawekewa mpaka wa thuluthi, tena akaambiwa hiyo nayo ni nyingi. Mazungumzo hayo yalifanyika kitandani pa mgonjwa, waziwazi. Na Sa'd aliishi miaka mingi baada ya hapo; wasia haukumuita malaika wa mauti. Ni kesi ngapi za mirathi zinazozunguka mahakamani leo kwa sababu mzee alifichwa?

Swala isiyofundishwa

Lipo jambo dogo machoni pa watu na kubwa kwa mgonjwa. Mwenye mpira wa mkojo, au aliyetobolewa tumbo akawa anatokea choo kwenye mfuko, mara nyingi huacha kuswali. Anasema mimi ni najisi, nitaswali nikipona. Naye hatapona. Anakufa na miezi sita ya swala ambayo hakuna aliyemwambia kuwa inamlazimu na kuwa ni nyepesi. Hukumu yake ni ya mwenye udhuru wa kudumu: anajisafisha kiasi anachoweza, anatawadha baada ya wakati kuingia, anaswali, na kinachotoka katikati hakimdhuru. Asiyeweza maji anatayamamu. Asiyeweza kusimama anakaa, asiyeweza kukaa analala ubavu, asiyeweza anaashiria. Wapo wanazuoni waliomruhusu mgonjwa mwenye mashaka kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Saumu ina fidia. Imamu akiingia chumba hicho kwa nusu saa anaweza kumrudishia mtu dini yake yote, lakini maimamu wetu wengi huitwa siku ya kuswalia jeneza.

Na siku ya sakarati ikifika, watu wapungue chumbani. Mgonjwa alazwe ubavu wa kulia kuelekea Kibla. Wauguzi nao husema kulala ubavu kunasaidia makohozi yasimzibe. Midomo ilowanishwe kwa pamba au kitambaa, asimiminiwe maji wala uji kwa nguvu, maana koo halimezi tena na atapaliwa. Kutokula siku hizo si njaa. Atamkiwe shahada karibu na sikio kwa upole. Imamu Nawawi na wengine wametahadharisha asikaririwe mpaka akaudhika. Akishaitamka aachwe, mpaka azungumze jambo jingine ndipo akumbushwe tena.

Nani atalipia?

Programu nyingi za huduma ya majumbani katika nchi zetu zilikua kwa fedha za nje, hasa za vita dhidi ya UKIMWI. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha kisha ikakata sehemu kubwa ya misaada yake, na shirika lake la USAID likafungwa. Kinachotegemea mfuko wa mwingine hufungwa na mwenye mfuko.

Upande wa pili wa bahari yetu, katika jimbo la Kerala nchini India, wapo ndugu zetu wa pwani ya Malabar ambao majahazi yao na yetu yamejuana karne nyingi. Wilaya ya Malappuram, ambayo Waislamu ndio wengi, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa majirani wa kuwaangalia wagonjwa wasiopona. Aliyejitolea alitakiwa kutoa saa mbili kwa wiki na kupewa mafunzo mafupi. Wanafunzi, wenye maduka, madereva wa bajaji, Waislamu kwa Wahindu, walichangia sarafu ndogondogo, na daktari na muuguzi wachache wakawasimamia. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaipitisha kuwa sera. Hawakuanza kwa jengo.

Nasi hatuhitaji jengo. Zaka ina fungu la mafukara na maskini, na mgonjwa aliyeuza kila kitu hana haja ya kuthibitishwa. Fremu moja ya duka la wakfu inaweza kulipia muuguzi wa kuzunguka mtaani, nauli ya kufuata dawa, nepi za watu wazima, na godoro lisilotoboa mgongo wa aliyelala miezi. Akina mama wa halaiki za maulidi na darsa wanaweza kumpokea binti anayeuguza kwa saa mbili, aende akaoge, alale, au arudi kwenye genge lake la mboga ambalo limefungwa tangu Rajabu. Huyo binti ndiye asiyetajwa na yeyote, na huwa anaugua mara tu baada ya arobaini.

Kamati ya msikiti inayotaka kuanza inahitaji daftari moja. Ijumaa ijayo, baada ya swala, waumini waombwe waandike jina la mgonjwa wa mtaa wao ambaye hajatoka ndani kwa mwezi mzima, nyumba ilipo, na nani anamuuguza. Jumamosi asubuhi watu wawili waende nyumba ya kwanza. Wasiende na hotuba. Wamuulize mgonjwa anaumwa wapi, analala saa ngapi, na anaswali vipi.